Mizigo ya Mjumbe Kasimiri

Kasimiri alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini: hakuweza kukataa. Ukimwomba akusaidie kuhamisha kabati, atahamisha. Ukimwomba baiskeli, atakuazima, kisha atakwenda kazini kwa miguu huku akikuombea usipate pancha. Ndiyo maana wakazi wa Gongoni, mtaa mmoja wa Tabora, walipotakiwa na chama wachague mjumbe wa nyumba kumi, hawakuhangaika. Walimnyooshea kidole yeye, naye, kama ilivyotarajiwa, akakubali.

Mchana alikuwa fundi katika karakana ya reli. Jioni alikuwa wa kila mtu. Mbuzi wa huyu kala mchicha wa yule, mume kamfungia mkewe nje, mpangaji kagoma kufagia uwanja: wote walifikia kwenye baraza ya Kasimiri, wakakalia mkeka wa Veneranda na kunywa chai ya Veneranda. Tunasema ya Veneranda kwa kuwa Kasimiri hakujua hata sukari inakaa kwenye kopo gani. Na huyo Veneranda alikuwa ameshinda kutwa nzima amesimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika, akipima sukari na kukata miche ya sabuni, akisikiliza malalamiko ya mchana. Akirudi nyumbani anakuta ya jioni yanamsubiri.

Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa na tamaa moja tu, na tamaa hiyo iliitwa Mulembwe. Rafiki yake wa shule, Koleta, ambaye alikuja kuwa mtawa, alipelekwa huko na shirika lake. Kila alipofika Tabora kwa mikutano ya masista alipitia Gongoni akamsimulia. Mulembwe ni kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma; mlima uko nyuma, maji yako mbele, na katikati pana shamba la zabibu ambalo mapadri wa zamani walilipanda ili wapate divai ya misa. Siku hizi shamba ni la kijiji kizima. Wanapalilia pamoja, wanavuna pamoja, na divai inayozidi mahitaji ya altare wanaimaliza pamoja. Masista wana nyumba ndogo ya wageni yenye baraza inayotazama ziwa.

"Na kule, Vene," Koleta humalizia kila mara, "hakuna anayekujua. Hakuna mtu atakayekuomba chai."

Hilo ndilo lililomwingia Veneranda moyoni likagoma kutoka.

Walipanga kwenda watoto wao wakiwa shuleni. Ukaja Uhuru, na Kasimiri akaombwa asimamie mapambo ya stesheni. Wakapanga tena, likaja shamba la chama, mjumbe hawezi kukosa. Wakapanga mara ya tatu, na mdogo wake Kasimiri, Hilari wa Goweko, akaleta habari kwamba tumbaku inaharibikia shambani kwa kukosa mikono. Likizo yote ikaishia Goweko, Veneranda akifunga majani ya tumbaku hadi vidole vikawa vyeusi. Kila mara alipanga nguo sandukuni, na kila mara alizipangua. Kwa hilo hakuwahi kupiga kelele.

Mwaka ule ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Anton mtoto wao wa kwanza alikuwa keshaanza ualimu na mdogo wake alikuwa kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa. Nyumba ilikuwa imebaki na wao wawili, ukiacha wale wa mkekani. Jioni moja, mashauri yalipokwisha, Veneranda alikuwa akiosha vikombe. Akasema bila kugeuka:

"Baba Anton, likizo yako ni mwezi wa nane. Nakuomba twende Mulembwe."

"Tutakwenda, Mama Anton."

"Sawa. Ila ikishindikana na safari hii, usihangaike. Sitakuomba tena."

Alilisema kwa upole, akaendelea na vikombe. Kasimiri akashikwa na hofu. Hasira ya mkewe aliizoea. Ilikuwa ikiwaka na kuzimika, na baada yake huja chakula kizuri. Upole huu ulikuwa kitu kingine. Pale barazani alikuwa amewaona wanawake walioacha kuwaomba waume zao. Hukaa wamenyooka, huulizwa wakajibu, na hawataki chochote. Waume zao hudhani nyumba imetulia. Kasimiri aliwahi kukaa na wanawake wale ana kwa ana, na alijua kwamba mle ndani hakuna tena mtu anayesubiri. Alimpenda Veneranda. Aliona afadhali avunjike mguu kuliko kumwona amenyooka vile.

Basi wakaanza kupanga, na kupanga kwenyewe kukawa raha. Baada ya chakula walikaa chumbani, mlango umerudishwa, wakinong'ona kana kwamba wazazi wao wako chumba cha pili. Watapanda treni mpaka Kigoma. Kasimiri anayo haki ya pasi ya reli, kusafiri bure yeye na mkewe, haki ambayo hajawahi kuitumia ila kwenda msibani. Kigoma watapanda meli ya Liemba. Mbele ya Mulembwe meli husimama majini, na mitumbwi huja kupokea abiria.

"Haya, tumefika," alisema Kasimiri, ambaye alipenda kazi ipangwe mpaka mwisho. "Asubuhi tutafanya nini?"

"Tutaamka."

"Halafu?"

"Tutakaa barazani."

"Tukifanya nini?"

"Tukikaa."

Kasimiri akafikiri kidogo. "Mpaka saa ngapi?"

Veneranda akacheka, akajifunika uso na khanga. "Mpaka makalio yaume, mume wangu. Halafu tutahamia upande wa pili."

"Nasikia paa la masista linavuja. Ningebeba nyundo..."

"Ukibeba nyundo naitupa ziwani. Na wewe nakutupa uifuate."

Kasimiri akamuuliza kuhusu hiyo divai, maana yeye maisha yake yote alijua pombe ya mtama na wanzuki wa asali. Veneranda akamsimulia jinsi yeye na Koleta, wakiwa wasichana wa kufagia sakristia, chumba cha padri kanisani, walivyokunywa funda mojamoja kwenye chupa ya padri, kisha wakakaa wiki nzima wakiogopa kufa. Ilikuwa na uchungu kidogo, alisema, halafu uchungu ukaondoka na kitu kizuri kikabaki mdomoni. Alikuwa akitaka kukijua tangu siku ile. Alinunua kitambaa cha maua ya bluu, akakipeleka kwa Abasi, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, amshonee gauni la kukalia barazani.

Walikubaliana jambo moja: siri. Wataaga siku ya mwisho, wakiwa na mabegi mkononi, ili mtu asipate nafasi ya kuleta neno. Siri hiyo Kasimiri aliitunza vizuri kabisa mpaka alipokumbuka kwamba mjumbe hawezi kuondoka bila kukabidhi nyumba kumi kwa mtu. Akaenda kwa Abasi.

"Unakwenda wapi?" Abasi aliuliza, pini ziko mdomoni.

Kasimiri akafungua kinywa, na neno kupumzika likakwama. Tabora mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa au kwa biashara. Nani aliwahi kupanda treni akaenda kukaa? Tena kiongozi, wakati redio tangu asubuhi inahimiza kazi na baraza yake mwenyewe imebandikwa bango la mtu aliyeinua jembe. Akajiona amesimama mbele ya Abasi kama mvivu aliyekamatwa.

"Nakwenda huko ziwani," alisema. "Kuna kijiji cha ujamaa kinalima zabibu. Nataka nikaone wanavyofanya. Kazi tu."

"Kazi!" Abasi akatoa pini mdomoni kwa heshima. "Hata likizo, mjumbe? Mungu akulipe."

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema anakwenda kupumzika, wangemcheka siku mbili wakamsahau. Lakini alisema anakwenda kazini, na mtu wa Tabora akisikia mwenzake anapita njia ya Kigoma kwa kazi, huona dhambi kuiacha miguu ile iende bure. Mji huu ulizaliwa na mizigo. Mababu wa watu hawa walipeleka pembe pwani na kurudi na shanga na vitambaa, na mpaka leo kila familia ina babu yake wa kujivunia. Babu yake Kasimiri alifika Bagamoyo mara nyingi, na nyumbani kwao Goweko walisimulia kwamba hakuwahi kuutua mzigo wa mtu njiani, hata siku ile homa ilipomshika akawa anatambaa. Kasimiri alilelewa kwa hadithi hiyo zaidi kuliko kwa uji.

Mwanahawa, mke wa Abasi, ndiye aliyefungua mlango. Alikuja na mkeka mpya, umekunjwa na kufungwa kamba. "Shemeji, ni wa binti yangu pale Ujiji. Hauna uzito. Ila ulale kwake usiku mmoja, usipolala atajua hunipendi." Kasimiri akasema haya. Akafuata Mzee Selemani mshona viatu, na furushi la makubazi ya kumfikishia mwenye duka Kigoma, tena asimwachie mtoto wa dukani, amsubiri mwenyewe. Haya. Kutoka Goweko likashuka kwenye treni gunia la karanga, Hilari akimwagiza kaka yake alifikishe kwa wakwe zake wa Ujiji, ambao wangechukia sana kama asipokaa nao mpaka Jumapili. Haya. Ikaja asali, ukaja mchele, akaja jogoo. Mwisho akaja jirani yao mzee, Bibi Tatu, akitembea polepole kwa fimbo, na kopo la samli kwa ajili ya mwanawe Mfaume aliyehamia Ujiji na hajaonekana muda mrefu.

Kila mzigo ulikuwa na mtu wake, kila mtu na salamu zake, na kila salamu na chakula ambacho lazima mtu akae akile. Kasimiri alijumlisha kichwani. Kwa hesabu ile Liemba ingepita mara mbili wao wakiwa bado Ujiji wanakula wali wa watu. Hata hivyo alijiambia mambo yatajipanga. Wasioweza kukataa wote hujiambia hivyo.

Na Veneranda je? Aliwakaribisha waleta mizigo, akawapikia chai.

Jumamosi, siku moja kabla ya treni, Kasimiri alirudi kutoka karakana adhuhuri akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya sanduku. Makubazi ya Mzee Selemani yalikuwa yamekataa kuingia. Veneranda akayatoa, akayageuza, akajaribu tena. Kisha akachukua lile gauni la maua ya bluu, ambalo Abasi alilileta limepigwa pasi, akalitoa sandukuni. Akalikunja vizuri, akaliweka kabatini chini ya mashuka. Makubazi yakaingia.

Hakununa. Hakuguna. Alifunga sanduku, akasimama, na Kasimiri aliyekuwa mlangoni akaona mgongo wa mkewe umenyooka.

"Umerudi?" alimuuliza alipogeuka. "Chakula kiko mezani."

Kasimiri hakula. Alitoka akaazima mkokoteni kwa muuza kuni. Akarudi, akafungua sanduku, akatoa makubazi. Akabeba gunia, akabeba mkeka, akabeba mchele na asali, akamkamata jogoo baada ya kufukuzana naye uwanja mzima. Veneranda alikuwa amekwenda kuchota maji bombani. Watu waliomwona mjumbe wao akisukuma mkokoteni wakadhani anawahi stesheni, na mmoja akamwita asubiri, naye anao mzigo mdogo.

"Haya," alisema Kasimiri kwa mazoea. Kisha akasikia alichosema, akasimama. "Hapana," akasema. Neno lilitoka jembamba na lenye kutu. Yule mtu akadhani anakohoa.

Alianzia stesheni, kwa kuwa Hilari hakuwapo pale kumtazama usoni. Akampa gunia gadi wa treni ya kwenda Dar es Salaam, Masolwa, wanayefahamiana, amshushie ndugu yake Goweko.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie treni ya Kigoma imejaa."

Masolwa akamtazama. "Mwezi wa nane, mabehewa yakiwa nusu tupu? Mjumbe, mimi na wewe sote wa reli."

Kasimiri akaondoka masikio yanawaka. Kwa Mzee Selemani akajaribu uongo wenye afya zaidi. Alisema Mama Anton anaumwa, kwa hiyo hawataweza kuzunguka na mizigo.

"Anaumwa!" Mzee Selemani akatupa sindano. "Nini? Homa? Ngoja nimtume mke wangu. Na shemeji zake waje, wamkande. Leo hatulali!"

Kasimiri akaiona baraza yake imejaa wanawake na masufuria, na Veneranda akiwapikia chai wote waliokuja kumuuguza.

"Haumwi," alisema haraka. "Amechoka."

"Amechoka na nini?"

"Na mimi." Akaongeza: "Na nyinyi pia, mzee. Samahani. Tunakwenda kupumzika. Hakuna kazi. Nilidanganya. Nakwenda kukaa na mke wangu kwenye baraza tuangalie maji, na makubazi yako hayawezi kuja."

Mzee Selemani alikilaza kiatu magotini. "Mnyamwezi anarudisha mzigo," alisema hatimaye. "Babu yako angelia."

"Nadhani hivyo."

"Weka hapo."

Akayaweka. Hakuagwa. Kwa Abasi alisema ukweli moja kwa moja kabla hajapoteza ujasiri, na Mwanahawa akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kukaa? Wewe na Mama Anton? Na zabibu je?"

"Tutazinywa."

"Astaghfirullah," akasema Abasi kutoka kwenye cherehani, lakini naye alikuwa anatabasamu.

Mwanahawa alipopangusa machozi akauchukua mkeka wake, akaugeuzageuza mkononi. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Abasi," alisema, "umewasikia wenzio? Wanakwenda kukaa. Wewe na mimi tulikaa lini?"

Abasi akamkazia macho Kasimiri. "Mjumbe, umeniharibia nyumba."

Mchele, asali na jogoo vikarudi kwa wenyewe, huyu akiguna, yule akishangaa. Mkokotenini likabaki kopo la samli.

Bibi Tatu hakuwa jirani tu. Kasimiri na Veneranda walipofika mjini, vijana wasio na sufuria, walipanga chumba katika nyumba yake. Anton alipozaliwa, bibi huyu ndiye aliyemwogesha, na ndiye aliyemkanda Veneranda kwa maji ya moto na kumpikia uji mpaka arobaini ilipotimia, yeye Mwislamu na wao Wakatoliki, na kodi ya mwezi ule akasahau kuidai. Kasimiri alisimama mlangoni pake kopo liko mikononi, akatamani ardhi impe mlango mwingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado hamjaondoka?"

"Kesho. Bibi, nimekurudishia samli."

Bibi Tatu hakuelewa. Alidhani kopo linavuja, akalipapasa chini kwa kidole. Alipoambiwa tena bado hakuelewa, na alipoambiwa mara ya tatu akaelewa.

"Nani amekukataza?"

"Hakuna. Nimekataa mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi, bibi."

Akalichukua kopo. "Haya. Mwende salama," alisema, na akafunga mlango. Jua lilikuwa bado liko juu, na Gongoni watu hawafungi milango mchana. Kasimiri akabaki na mkokoteni mtupu. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote anayoikumbuka, na ajabu ni kwamba alipoanza kutembea alijikuta anakwenda haraka, akitaka kufika nyumbani.

Veneranda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sanduku wazi mbele yake. Habari zilikwisha mfikia bombani. Zilifika kabla ndoo haijajaa.

"Umerudisha yote?"

"Yote."

"Umewaambia nini?"

"Nilianza kwa kudanganya," alisema Kasimiri. "Haikusaidia. Nikawaambia nakwenda kukaa na mke wangu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Abasi amesema nimemharibia nyumba. Mzee Selemani hanisemeshi. Mama Anton, sijui kama nimefanya vizuri. Najua tu sikutaka uliweke lile gauni kabatini."

Veneranda akamtazama. Alimtazama muda mrefu huyu mtu wa karakana, jasho limemchora mashavuni, unyoya wa jogoo uko begani. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akanyoosha mkono akamtoa ule unyoya.

"Na samli ya Bibi Tatu?"

"Nayo nimerudisha. Amefunga mlango."

Kicheko kikamtoka usoni. Akasimama, akajitanda khanga. "Njoo," alisema.

"Wapi?"

"Njoo tu."

Alibisha hodi mpaka mlango ukafunguliwa. Bibi Tatu alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akilia peke yake na hataki kuulizwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Nimefuata samli."

"Mumeo ameikataa."

"Yeye ndiye aliyekataa. Mimi sijaulizwa."

Bibi Tatu akamtazama yeye, akamtazama Kasimiri aliyesimama nyuma kama mshtakiwa, akarudi kwake. "Si mnakwenda kupumzika?"

"Tunakwenda. Samli hainizuii. Ila bibi, hatutalala kwa Mfaume. Nitampa mkononi, nitakunywa chai yake, kisha nitakwenda zangu ziwani. Ukikubali hivyo, nipe."

"Chai tu?"

"Chai tu. Na mimi sitaipika."

Mwanamke mzee akaguna, na mguno ule ulikuwa karibu na kicheko. Akaingia ndani akalileta kopo. Lakini hakulitoa mara moja. Alilishikilia kifuani.

"Ukimwona," alisema, "mwangalie miguu. Mara ya mwisho alituma salamu kwamba inamvimba. Wanaume hawaangalii miguu, wananiletea habari kwamba yuko salama. Wewe mwangalie vizuri, uje uniambie."

"Nitaiangalia, bibi. Nitaigusa kwa mkono wangu."

Ndipo akalitoa.

Walirudi polepole, jua limeanza kulegea juu ya mabati ya Gongoni. Veneranda aliliweka kopo juu ya kata ya kitambaa kichwani, na Kasimiri aliponyoosha mkono amsaidie, akaupiga mkono ule.

"Mzigo huu siyo wako. Wewe ulipakiwa kama punda. Huu nimejitwika."

"Nisamehe, Vene."

Hakuwa amemwita jina hilo tangu wakiwa wachumba. Veneranda hakugeuza kichwa, kwa sababu ya kopo, lakini mwendo wake ukapungua hadi wakawa sambamba. Walipita kwa Mzee Selemani. Hakuinua macho kwenye kiatu chake. Alisubiri mpaka wakampita, akakohoa. Kwa Abasi cherehani ilikuwa kimya, na Mwanahawa alikuwa ameutandika ule mkeka mpya uani, amekaa upande mmoja, anasubiri upande wa pili upate mtu.

"Kasimiri," alisema Veneranda.

"Naam."

"Koleta anasema Bagamoyo kuna misheni ya zamani, nayo ina nyumba ya wageni. Sijawahi kuona bahari. Najua safari ya mwaka huu hatujaianza bado, hata sanduku halijafungwa. Lakini nilikuwa nafikiri, mwakani..." Akasita. Shingo yake ilikuwa imelegea chini ya kopo. "Mwakani nilikuwa nataka nikuombe..."

Kasimiri akasimama katikati ya njia. Neno haya lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi, lile lile alilowapa watu wote maisha yake yote, haraka, kabla hawajamaliza kusema wanachotaka. Akalirudisha. Alitaka kulisikia ombi lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mkewe.

"Omba," alisema. "Nakusikiliza."